Sura ya Saba: Chemshabongo, Urafiki na Mazungumzo ya Kila Siku — Kutoka Amri hadi Ombi

Malengo ya sura

Baada ya kuisoma sura hii, mwalimu mtarajiwa aweze:

(a) kueleza jinsi chemshabongo ya mraba inavyodhihirisha kanuni za herufi, silabi na ngeli za Kiswahili;
(b) kutofautisha kitenzi cha amri na kitenzi cha ombi, na kueleza nafasi ya kiishio -e;
(c) kutumia kwa usahihi msamiati wa urafiki na upatanisho wake;
(d) kusahihisha makosa ya mzungumzaji bila kuyakatiza mazungumzo wala kumvunjia heshima.

7.1 Utangulizi

Masese ni sehemu ya jiji la Jinja iliyo kando ya Ziwa Viktoria, mashariki mwa Uganda. Hapo hutia nanga mitumbwi ya wavuvi, na hapo hukutana watu wa makabila mengi: Wasoga wenyeji, Waganda, Wakaramoja, Wagisu kutoka upande wa Mbale, Wajaluo na wengineo. Tangu Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda kuongezeka mjini Jinja, wafanyakazi walihamia Walukuba na Masese kutoka pande mbalimbali za Afrika Mashariki. Watu wasio na lugha moja ya nyumbani walihitaji lugha ya kazini, ya sokoni na ya ufukweni. Kwa wengi wao Kiswahili kiliitimiza kazi hiyo.

Hata hivyo, mwalimu atakayefundisha Uganda hana budi kuijua historia nyingine ya lugha hii. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikisikia Kiswahili zaidi kutoka kwa askari, na walichokisikia kilikuwa vitenzi vya amri: *Simama! Kaa chini! Lete! Toka!* Mtu aliyeijua lugha kwa namna hiyo tu hakosi sababu ya kuiogopa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukiendeleza katika matumizi rasmi na shuleni. Sheria yaweza kuiweka lugha katika ratiba ya masomo. Haiwezi kuiweka katika mapenzi ya watu. Kazi hiyo ya pili ni ya mwalimu.

Sura hii inatumia mchezo mdogo, yaani chemshabongo ya mraba, kuonyesha Kiswahili kikiwa lugha ya marafiki. Tutaona kwamba tofauti kati ya lugha inayoamuru na lugha inayoomba mara nyingi huwa katika herufi moja ya mwisho wa kitenzi.

7.2 Chemshabongo na desturi ya kufumbiana

Chemshabongo ya mraba ya kwanza kuchapishwa gazetini ilitungwa na Arthur Wynne, nayo ilitokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Tangu hapo mchezo huo umeenea duniani, na wanafunzi wa Afrika Mashariki huukuta magazetini na katika vitabu vyao vya shule. Mchezaji hupewa vidokezo vya aina mbili: vya maneno yanayosomwa *kulia* na vya maneno yanayosomwa *chini*. Kila kisanduku huchukua herufi moja, na pale maneno mawili yanapokatana, herufi moja huyatumikia yote mawili.

Umbo la mchezo ni geni, lakini roho yake si ngeni kwetu. Waswahili wana vitendawili, na vitendawili ni mazungumzo yenye kanuni. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Wakishindwa, mtegaji hudai, "Nipe mji," nao humpa mji ndipo awafumbulie. Hakuna anayetega kitendawili peke yake.

Hata hivyo ipo tofauti moja ambayo ni muhimu kwa mwalimu. Katika kitendawili, jibu limo mikononi mwa mtegaji. Yeye ndiye mwamuzi. Katika chemshabongo, mwamuzi ni mraba wenyewe. Jibu likiwa si sahihi, herufi zake hazikubaliani na herufi za neno linalolikata. Kwa hiyo mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi, wote husahihishwa na karatasi, na hakuna anayeaibishwa na mwenzake. Jambo hili tutalirudia katika sehemu ya 7.8.

7.3 Mazungumzo ya mfano

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya somo hili. Wazungumzaji ni watatu, nao wamekaa kivulini karibu na ufuko wa Masese: Mzee anayeshona nyavu, Mama anayeuza samaki, na Kijana anayesomea ualimu. Baadhi ya maneno ya Mama ni ya Kiswahili cha mitaani. Yameachwa kwa makusudi. Yasome mazungumzo yote mara moja kwa sauti kabla ya kuyachambua.

KIJANA: Habari za mchana, Mzee? Habari za kazi, Mama?

MZEE: Nzuri, mwanangu. Karibu kivulini. Umekuja na karatasi yako ya leo?

KIJANA: Nimekuja nayo, Mzee. Naomba tuijaze pamoja.

MAMA: Mimi nina kazi. Lakini wewe soma tu, masikio yangu yapo.

KIJANA: Kulia, namba moja: "Samaki wadogo sana wa ziwani, huanikwa juani." Herufi tano.

MAMA: Si ni mukene! Niko nayo hapa mbele ya macho.

KIJANA: Ndio hao hao, Mama. Hebu tuhesabu: M, U, K, E, N, E. Ni herufi sita, na visanduku ni vitano.

MZEE: Basi ni omena. Wavuvi wenzangu wa upande wa Kisumu huwaita hivyo. O, M, E, N, A: tano.

MAMA: Na dagaa je? Watu wa Mwanza wanaita dagaa. Hiyo pia ni tano.

KIJANA: Yote mawili yanaingia. Tusiandike kwa wino kwanza.

MAMA: Hii fumbo iko ngumu.

KIJANA: Kweli, Mama, fumbo hili ni gumu. Tulijaze kutoka upande mwingine. Chini, namba tatu: "Neno la shukrani." Herufi sita.

MZEE: Ahsante.

KIJANA: Ahsante yako ina herufi saba, Mzee, kwa sababu ya H. Bila H ni sita.

MZEE: Basi iandike bila H. Shukrani haipungui.

MAMA: Sasa hiyo A ya asante inakaa wapi?

KIJANA: Mwisho wa namba moja kulia.

MZEE: Omena huishia kwa A.

MAMA: Na dagaa pia. Bado hatujapata.

KIJANA: Tuendelee. Chini, namba moja: "Huunganisha kingo mbili za mto." Herufi sita.

MAMA: Daraja! Kama lile jipya la Nile.

MZEE: Neno linaanza kwa D. Basi omena imezama, andika dagaa.

KIJANA: Chini, namba mbili: "Meli hufungwa hapo ili ishushe na ipakie mizigo." Herufi nne, na ya kwanza ni G.

MZEE: Hilo niachieni mimi. Ni gati.

KIJANA: La mwisho ni kulia, namba nne. Kamilisha: "Naomba mwanafunzi huyu … nyumbani." Herufi tano, na ya kwanza ni A kutoka kwenye daraja.

MAMA: Anaenda.

KIJANA: Anaenda lina herufi saba, Mama.

MZEE: Aenda. A, E, N, D, A: tano.

KIJANA: Linaenea visanduku vyote, Mzee. Hebu tuangalie asante inaishia kwa herufi gani.

MAMA: E! Basi ni aende. Naomba aende.

MZEE: Naam. Ombi huishia kwa E. Na mimi naomba niende, nyavu zinaningoja.

Mraba wao uliokamilika ni huu. Alama # inaonyesha kisanduku cheusi.

D A G A A
A # A # S
R # T # A
A # I # N
J # # # T
A E N D E

7.4 Herufi, sauti na silabi

Mraba hupima herufi, wala haupimi sauti. Mwanafunzi wa ualimu asiichanganye dhana hizi mbili. Neno *nahodha* lina herufi saba (N, A, H, O, D, H, A) lakini lina sauti sita, kwa kuwa *dh* ni sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili. Neno *nyavu* lina herufi tano na sauti nne. Hali ni hiyo hiyo kwa *ch, sh, th, gh* na *ng'*. Mtungaji wa chemshabongo aamue mapema kanuni atakayoifuata, na awaeleze wanafunzi wake. Kanuni iliyo rahisi ni hii: herufi moja, kisanduku kimoja. Kwa kanuni hiyo *ng'ombe* huchukua visanduku sita, na alama ya ritifaa haina kisanduku chake.

Jambo la pili ni silabi. Silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, yaani huishia kwa irabu. Ndiyo maana maneno yote matano ya mraba wetu huishia kwa irabu: *dagaa, daraja, gati, asante, aende*. Sifa hii humsaidia mchezaji na pia humtatiza. Humsaidia kwa sababu anajua mapema kwamba kisanduku cha mwisho cha neno kwa kawaida kitakuwa na mojawapo ya irabu tano: A, E, I, O au U. Humtatiza kwa sababu irabu ya mwisho peke yake haitoshi kuamua kati ya majibu mawili. Mzee na Mama waliliona jambo hili. Herufi A ya *asante* haikuweza kuchagua kati ya *dagaa* na *omena*, kwa kuwa yote mawili huishia kwa A. Iliyoamua ni konsonanti ya mwanzo, yaani D ya *daraja*.

Jambo la tatu ni tahajia. *Ahsante* na *asante* ni neno moja lenye tahajia mbili, na zote mbili hutumika. Mraba ulichagua moja kwa sababu ya idadi ya visanduku, si kwa sababu nyingine ni kosa. Mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba amekosea pale ambapo kuna njia mbili zilizokubalika.

Hali ya *dagaa, omena* na *mukene* inafanana na hiyo, ingawa si ile ile. *Dagaa* ni neno la Kiswahili sanifu. *Omena* ni neno la Kijaluo ambalo Wakenya wengi hulitumia wanapozungumza Kiswahili, na *mukene* ndilo jina lililozoeleka Uganda. Samaki ni wale wale, na ziwa ni lile lile. Mipaka ya nchi tatu ndiyo iliyogawa majina. Mwanafunzi wa Masese akisema *mukene*, hajasema neno baya. Amesema jina la kwao, naye anahitaji kuongezewa jina ambalo msomaji wa Mwanza au wa Tanga atalielewa. Kuongezewa neno si sawa na kunyang'anywa neno.

7.5 Kidokezo na upatanisho wa kisarufi

Katika Kiswahili, kitenzi hubeba kiambishi cha ngeli ya nomino. Kwa hiyo kidokezo kinaweza kulifichua jibu kabla mchezaji hajafikiri sana. Linganisha vidokezo hivi viwili vya neno *daraja*:

1. *Linaunganisha* kingo mbili za mto.
2. *Huunganisha* kingo mbili za mto.

Katika kidokezo cha kwanza, kiambishi *li-* kinatangaza kwamba jibu ni nomino ya ngeli ya LI-YA katika umoja. Mchezaji ataacha kufikiria *kivuko* (KI-VI) na *mtumbwi* (U-I), hata kama maana zake zinakaribiana na kidokezo. Katika kidokezo cha pili, kiambishi *hu-* cha mazoea hakibadiliki kwa nafsi wala kwa ngeli: *daraja huunganisha, madaraja huunganisha, vivuko huunganisha*. Hakionyeshi umoja wala wingi. Kwa hiyo kidokezo cha pili ni kigumu zaidi.

Mtungaji anaweza kuipima chemshabongo yake kwa njia hii. Kwa wanafunzi wanaoanza, atumie vitenzi vyenye viambishi vya ngeli ili upatanisho uwe msaada kwao. Kwa wanafunzi waliokomaa, atumie *hu-*. Wa kwanza watajifunza kwamba ngeli ni nyenzo ya kufikiria jibu, si orodha ya kukaririwa kabla ya mtihani.

Mwalimu wa mashariki mwa Uganda ana bahati katika jambo hili. Mwanafunzi anayezungumza Kisoga nyumbani anazijua ngeli tangu utotoni. Husema *omuntu, abantu, omuti, emiti, ekintu, ebintu*. Mpe jozi hizi kando ya *mtu, watu; mti, miti; kitu, vitu*, naye ataziona kuwa ni ndugu. Anaposema *hii fumbo iko ngumu*, hasemi hivyo kwa sababu lugha yake haina ngeli. Anasema hivyo kwa sababu Kiswahili alichokisikia sokoni na kazini kimepunguza upatanisho, na amekipokea kama alivyokisikia.

7.6 Kutoka amri hadi ombi

Sasa tuitazame herufi ya mwisho ya mraba. Majibu matatu yalipendekezwa kwa kidokezo cha nne:

*anaenda*: a-na-end-a. Kitendo kinatendeka sasa.
*aenda*: a-(a)-end-a. Wakati uliopo usiodhihirika; kiambishi cha nafsi na cha wakati vimeungana.
*aende*: a-end-e. Kitendo hakijatendeka, kinaombwa, kinatakiwa au kinapendekezwa.

*Aenda* na *aende* yana idadi moja ya herufi, na herufi nne za mwanzo ni zile zile. Tofauti yote imo katika kiishio. Kiishio -a kinatoa taarifa kwamba mwanafunzi anakwenda. Kiishio -e kinamwombea mwanafunzi ruhusa. Baada ya *naomba* taarifa haifai, kwa kuwa mtu haombi kile ambacho tayari kinatendeka.

Kanuni zinazofuata zikumbukwe:

(i) Amri ya umoja hutumia shina la kitenzi: *Soma! Keti! Andika!* Amri ya wingi huongeza -ni: *Someni! Ketini! Andikeni!* Vitenzi vichache havifuati kanuni: *Njoo! Nenda! Lete!*

(ii) Ombi au pendekezo hutumia kiambishi cha nafsi pamoja na kiishio -e: *usome, uketi, tujaze, waandike*. Ukanusho wake hutumia *-si-*: *usisome, tusiandike*.

(iii) Amri yenye kiambishi cha mtendwa huchukua kiishio -e: *nipe, niambie, nisaidie*, na katika wingi *nipeni, niambieni, niachieni*.

(iv) Vitenzi vya asili ya kigeni visivyoishia kwa -a havibadiliki mwishoni: *ujibu, tujaribu, asamehe*. Katika vitenzi hivi, ombi hutambulikana kwa kiambishi cha nafsi kisichofuatwa na kiambishi cha wakati.

Tazama sasa jinsi haja moja inavyoweza kusemwa kwa daraja tano za adabu:

1. Lete kalamu!
2. Nipe kalamu.
3. Naomba kalamu.
4. Naomba unipe kalamu, mwenzangu.
5. Ungenipa kalamu ningeshukuru.

Sentensi zote tano ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, mwanafunzi anayeijua ya kwanza tu atazungumza kama askari hata anapokusudia kuzungumza kama rafiki, naye anayesikia ya kwanza tu atadhani kwamba Waswahili hawana adabu. Mwalimu anayeingia darasani na kusema *Kaeni! Nyamazeni! Fungueni vitabu!* kwa muda wote wa kipindi hafanyi kosa la sarufi, lakini anairudisha lugha mahali ambapo wananchi wengi waliikimbilia mbali. Kwa kusema *Naomba mkae. Tufungue vitabu*, anawafundisha kiishio -e kabla hajakiandika ubaoni.

Katika mazungumzo ya 7.3, Kijana hatoi amri hata moja. Husema *tuijaze, tuhesabu, tusiandike, tuendelee*. Nafsi ya kwanza wingi pamoja na -e ni chombo cha urafiki: mzungumzaji hujitia mwenyewe katika kazi anayoipendekeza. Mzee na Mama ndio wanaotumia amri (*soma tu, andika dagaa, iandike bila H*), nao wana haki hiyo kwa umri na kwa mazoea. Amri ya mkubwa kwa kijana anayempenda haina ukali. Kijana akiigeuza kuelekea kwa mkubwa, itakuwa utovu wa adabu.

7.7 Msamiati wa urafiki na upatanisho wake

Nomino *rafiki* inahitaji uangalifu. Kwa kuwa inataja mtu, kitenzi na kivumishi cha sifa huifuata ngeli ya A-WA: *rafiki mwema amefika, marafiki wema wamefika*. Lakini kivumishi cha kumiliki hufuata njia nyingine: *rafiki yangu, rafiki zangu*. Hivyo tunapata sentensi *Rafiki yangu mwema amefika*, ambamo *yangu* ina umbo la ngeli ya I-ZI na *amefika* ina umbo la ngeli ya A-WA. Nomino za udugu zenye umbo kama hilo hufuata kanuni hiyo hiyo: *ndugu yangu, ndugu zangu, dada yako, dada zako, mama yetu*. Kwa wanyama mambo ni tofauti katika umoja: *samaki wangu, mbwa wangu*. Mwanafunzi asemapo *rafiki wangu*, anafuata mantiki. Kinachomkosesha ni mazoea ya lugha. Mwambie hivyo waziwazi.

Nomino *mwenzi* huungana na kimilikishi chake na kuwa neno moja: *mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzangu, wenzetu, wenzao*. Mzee alisema *wavuvi wenzangu*, na kwa neno hilo moja aliwafanya wavuvi wa nchi nyingine kuwa watu wa kazi moja naye. *Mwanangu* nalo liliundwa kwa njia hiyo, na hutumiwa na mkubwa kwa kijana hata asiyemzaa.

Kwa upande wa vitenzi, urafiki umo katika kauli ya kutendana, yenye kiambishi *-an-*: *juana, salimiana, saidiana, elewana, ombana, sameheana*. Kauli hii haina mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Kila mmoja ni mtenda na mtendwa. *Nilimsaidia Mzee* ni sentensi ya msaidizi na msaidiwa. *Tulisaidiana na Mzee* ni sentensi ya marafiki.

7.8 Kusahihisha bila kuvunja urafiki

Rudi kwenye maneno ya Mama, *Hii fumbo iko ngumu*, na jibu la Kijana, *Kweli, Mama, fumbo hili ni gumu*. Katika sentensi ya Mama mna mambo matatu yasiyolingana na Kiswahili sanifu: kionyeshi kimetangulia nomino bila sababu ya msisitizo, *hii* na *ngumu* ni za ngeli ya I-ZI ilhali *fumbo* ni la LI-YA, na *iko*, inayohusu mahali, imechukua nafasi ya *ni*. Kijana aliyasahihisha yote matatu, lakini hakusema, "Umekosea." Alikubaliana kwanza na maana, kisha akaisema maana hiyo kwa umbo sanifu, kisha akaendelea na kazi.

Njia hii tuiite *kurudia kwa usahihi*. Ina masharti mawili. Kwanza, mwalimu asikie maana kabla ya kusikia kosa. Asiyejibu maana atakuwa amemwambia msemaji kwamba alichosema hakina thamani. Pili, njia hii ni ya mazungumzo. Katika kazi ya kuandika, au pale darasa zima linapokosea jambo lile lile, mwalimu hana budi kulieleza kosa wazi na kutoa kanuni. Kurudia kwa usahihi peke yake kunaweza kupita bila mwanafunzi kutambua kwamba amesahihishwa. Mama hakuonyesha dalili ya kutambua. Ni kazi ya Kijana kulileta *fumbo hili* tena kesho na kesho kutwa, mpaka sikio la Mama lilizoee.

Hapo ndipo chemshabongo inapoufaa ualimu. Kosa la Mzee la *aenda* halikusahihishwa na Kijana. Lilisahihishwa na E ya *asante*, neno ambalo Mzee mwenyewe alikuwa amelitoa. Mwishowe ni yeye aliyeitamka kanuni: *Ombi huishia kwa E.* Kanuni aliyoifikia mtu mwenyewe, kwa kusaidiana na wenzake, hukaa zaidi ya ile aliyoandikiwa ubaoni.

7.9 Muhtasari

Chemshabongo ya mraba hupima herufi, huifunua tabia ya silabi wazi, na huonyesha kazi ya viambishi vya ngeli katika kidokezo. Kiishio -e hutofautisha ombi na taarifa, nacho pamoja na kiambishi cha nafsi hulainisha amri. *Rafiki* huchukua upatanisho wa ngeli mbili. Katika mazungumzo, mwalimu huisikia maana kwanza, kisha hulirudia umbo kwa usahihi.

Mazoezi

1. Taja idadi ya herufi, ya sauti na ya silabi katika maneno haya: *kasia, nanga, mvuvi, nahodha, ng'ambo, dagaa*.

2. Changanua viambishi vya *tulijaze* kama lilivyotumika katika 7.3, kisha ukilinganishe kitenzi hicho na *tulijaza*. Kiambishi *-li-* kina kazi gani katika kila kimoja?

3. Geuza amri hizi ziwe maombi, kwanza kwa rika lako, kisha kwa mtu aliyekuzidi umri: *Njoo! Sogea! Niambie! Jibu! Msiondoke!*

4. Sahihisha panapohitajika, na utoe sababu: (a) Rafiki wangu mzuri imefika. (b) Ndugu zetu wamesaidiana. (c) Samaki yangu ameoza. (d) Naomba yeye anakuja kesho.

5. Tunga vidokezo viwili kwa kila nomino: kimoja chenye kiambishi cha ngeli, kingine chenye *hu-*. Nomino ni: *kasia, kivuko, mtumbwi, ziwa, wavu*.

6. Chora mraba wa visanduku vitano kwa sita. Ujaze kwa maneno yasiyopungua matano ya mazingira ya shule yako, mojawapo likiwa kitenzi chenye kiishio -e. Ujazwe na wenzako watatu huku ukisikiliza. Andika makosa matatu uliyoyasikia, na kando ya kila moja uandike sentensi ambayo ungeitumia kulirudia kwa usahihi.

7. Jadilini katika vikundi: mwanafunzi wako wa Jinja ameandika *mukene* katika insha yake. Je, utalikata neno hilo kwa wino mwekundu, utaliacha, au utafanya jambo la tatu? Toeni sababu za kisarufi na za kijamii.